Mwaka Ambao Mzee Madeje Alikaa Kivulini

Tulipomzika Mzee Madeje mwezi uliopita, mtu wa kwanza kunitambua hakuwa mkewe wala mwanawe, bali Daktari Sechelela. Alikuwa ameketi mkekani na wanawake wa Ihumwa, miguu kainyoosha, kajifunga khanga mbili kama mfiwa, sinia la wali likiwa katikati yao. Mimi nilikuwa napita na ndoo na jagi, nikiwanawisha watu mikono. Akanyoosha yake, akanitazama usoni, akasema kwa sauti yake ile ile ya chini, "Bwana Safari. Bado hujapata pa kukaa?" Nilicheka, na mama mmoja pale mkekani akanikata jicho, maana hapakuwa mahali pa kuchekea. Jina hilo alinipa marehemu, na tangu nihame nyumbani kwake hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniita hivyo. Nikamjibu daktari kwamba bado. Safari hiyo nilikuwa nimetokea Singida, nilikokuwa naendesha lori la vitunguu. Akatikisa kichwa, akaniambia nikimaliza kunawisha niende nikakae naye.

Nilipokwenda hatukusema mengi. Tulikuwa tunatazama upande mmoja bila kupanga, kwenye ukuta wa nyumba ya zamani ya mzee, ile tembe ya udongo aliyokataa kuibomoa hata baada ya kujenga vyumba vya matofali vya kupangisha. Chini ya ukuta ule, upande wa mashariki, kuanzia adhuhuri huwa pana ukanda wa kivuli unaotosha mtu mmoja aliyekaa na kukunja magoti. Wageni waliofika msibani walikuwa wanapita pale wakitafuta pa kuweka viatu vyao. Hawakujua kwamba miaka mingi nyuma mwenye nyumba alikaribia kufia palepale, akiwa ametulia kabisa, akiamini anafuata ushauri wa daktari.

Nilikuwa kijana anayekaribia thelathini wakati huo. Mambo ya nyumbani kwetu nayaacha, hayahusiki hapa. Inatosha kusema kwamba shule niliiacha kidato cha pili, na si kwa sababu ilinishinda. Nilishindwa kukaa. Nilikuwa na ugonjwa wa kutaka kujua kitu kinafanyaje kazi, na nikishajua, miguu inaanza kuniwasha. Nilikuwa nimevuna zabibu, nimefunga nyaya za umeme, nimebeba mawe kule Gulwe kila mafuriko yalipong'oa reli, na mwaka ule, ambao wizara zilikuwa zinahamia Dodoma na kila chumba chenye bati kilikuwa kinatafutwa, nilipata kazi ya udereva katika hospitali moja kubwa ya pale mjini. Nikapanga chumba kwa Mzee Madeje kwa sababu yeye peke yake, kati ya wenye nyumba wote niliowaona, hakuniuliza nitakaa muda gani. Aliniangalia begi langu, akasema, "Wewe hukai. Lala tu."

Chumba changu kilikuwa cha mwisho, kimepakana na zizi. Kushoto kwangu alikaa karani wa Bunge, kijana wa Bukoba mwenye mashati yaliyonyooshwa vizuri, na kupitia ukutani nilimsikia kila asubuhi akifanya mazoezi ya salamu za Kigogo na kukosea palepale alipokosea jana. Kulia kulikuwa na ng'ombe. Chakula cha jioni tulikula uani, kwa sababu Mama Eliza, mke wa mzee, alikataa kuona kijana anajipikia na sufuria moja. Ilikuwa ugali wa uwele na mlenda, na karani hakuuweza ule mlenda. Ulivutika kutoka kwenye bakuli mpaka kidevuni, na mzee akawa anamwambia, kwa upole wote, kwamba Bunge zima linamngojea amalize kukata kamba. Mzee mwenyewe alikuwa mrefu, mkavu, mwenye tundu kubwa kwenye ndewe ya sikio la kushoto na kofia ya sufu aliyoivaa hata Oktoba. Alikuwa na ng'ombe wasiozidi thelathini, na aliwajua jinsi mtu anavyowajua majirani wabaya: huyu mwizi wa maganda, huyu mnafiki, yule ana kiburi cha mama yake.

Kule hospitali nilikabidhiwa gari dogo la Daktari Sechelela. Alikuwa binti wa Mvumi, daktari wa moyo, hajafika arobaini, mfupi, anayetembea haraka mno kuliko miguu yake ilivyostahili. Alikuwa na ofisi iliyokuwa stoo zamani: meza, friji ya dawa, viti viwili, na dirisha linaloangalia mtungi wa gesi. Mchana alikula pale, chakula alichotoka nacho nyumbani kwenye hotpoti, na kwa sababu alichukia kula peke yake alinigawia. Ndipo nilipoanza maswali. Madereva wenzangu walimsubiri daktari wao garini wakisikiliza mpira. Mimi nilisubiri stoo, na nikauliza. Hakunichoka. Nadhani alikuwa na hamu ya mtu wa kumsikiliza, kwa sababu wenzake wengi waliona utafiti wake ni wa ajabu, na baadhi walimtania kwamba anatibu moyo kwa kukaba mkono.

Swali lililonifungulia mlango lilikuwa jepesi. Nilimuuliza, mtu akiziba mshipa wa moyo, nyinyi mkauzibua, si kazi imeisha? Akaweka tonge chini. Akanionyesha kwenye kompyuta picha ya moyo wa mtu, mishipa imechorwa kwa dawa nyeusi, mmoja umekatika ghafla. Halafu mpira mwembamba ukaingia, kibofu kidogo kwenye ncha yake kikavimba, na damu ikapita mpaka mwisho wa mshipa. Mimi nikafurahi kama nimeona goli. Yeye hakufurahi. Akasema, "Hapo ndipo ninapoogopa mimi." Akanieleza kwamba nyama ya moyo iliyokosa damu huwa imejipanga kuishi kwa shida, imejaa uchafu wake yenyewe, imechoka. Damu ikirudi kwa kishindo, hewa safi na chumvi zilizomo huivamia kwa mkupuo. Chembe ambazo zilikuwa bado hai hupasuka. Mapigo yanaweza kuvurugika. Sehemu ya moyo haifi kwa sababu ya kuzibwa, inakufa kwa sababu ya kuzibuliwa. Na bado, akasema akinyoosha kidole, usipozibua, yote inakufa. Kwa hiyo lazima uzibue, tena upesi. Kazi ni kuulinda moyo katika zile dakika za kwanza damu inaporudi.

Nililielewa jambo lile kwa mgongo wangu kabla ya kichwa. Nilimwambia kuhusu Gulwe: korongo limekauka miezi na miezi, mchanga mtupu, watu wanapita juu yake na baiskeli, halafu mvua inanyesha mbali huko usikokuona, na maji yanakuja kama ukuta. Hayanyweshi chochote. Yanabeba reli. Daktari akasikiliza mpaka mwisho, akasema kwao Mvumi wangetoa mfano wa ng'ombe. Wakati wa kiangazi ng'ombe wakirudi kutoka malisho ya mbali, wamekaa na kiu muda mrefu, huwaachii birika. Baba yake alikuwa anasimama mbele ya maji na fimbo. Wanaingia wachache, wanapiga mafunda kadhaa, anawarudisha nyuma, wanaingia wengine, halafu wale wa kwanza wanarudi tena. Ng'ombe aliyeachiwa anywe kwa pupa huvimba, hutetemeka, na wengine huanguka palepale kando ya maji. Alipokuwa mtoto aliona ukatili. Siku hizi, alisema, ndiyo kazi anayojaribu kuifanya.

Njia yake ilikuwa mkanda wa kupimia presha, ule wa kawaida. Mgonjwa wa moyo akiwa njiani au akiandaliwa, anafungwa mkanda mkononi, unajazwa upepo mpaka damu ya mkono isimame kwa dakika chache, unaachiwa, unajazwa tena. Mkono unaonja shida kidogo kidogo, na kwa namna ambayo wataalamu bado wanabishana, unaupelekea moyo habari kwamba ujiandae. Haumcheleweshi mgonjwa hata kidogo, kwa sababu unafanyika wakati mengine yanaendelea. Ni kitu cha bei ndogo, na hilo ndilo lililomvutia. Alikuwa anataka kujua kama kinasaidia kweli. Mimi nilikuwa nimeshaamini, kwa sababu nilikipenda. Yeye alikuwa anakipenda na bado haamini, na ile tofauti kati yetu sikuiona mwaka ule.

Jumapili tulikuwa tunakwenda vijijini, mimi na gari na kipaza sauti. Baada ya ibada watu walibaki uwanjani na daktari akazungumza nao kuhusu presha na maumivu ya kifua. Mwanzoni aliwaambia mambo ya mishipa na mafuta, na watoto walikuwa wanakimbizana huku wazee wakitazama pembeni. Jumapili moja akatoa mfano wa ng'ombe. Uwanja mzima ulinyamaza. Halafu wazee wakaanza kuongezea, mmoja akamsahihisha namna ya kushika fimbo, mwingine akataja fahali wake aliyekufa kwa maji. Kuanzia hapo hakuacha ule mfano. Nilikuwa namsikia nyuma ya kipaza sauti akisema, kwa Kiswahili na kisha kwa Kigogo, kwamba damu inayorudi kwa haraka inaumiza moyo, na kazi yao hospitali ni kuirudisha kwa adabu. Watu walipiga makofi.

Mzee Madeje alimsikia alipokuja Ihumwa. Baada ya pale alifika karibu na gari, daktari akamwamkia shikamoo baba, naye akaitikia, akamuuliza ni binti wa nani na wa wapi, na baba yake alinyweshea wapi. Walipofika kwenye jina la korongo walilolijua wote wawili, mambo yakaisha. Aliporudi uani alikuwa na fahari isiyo ya kawaida. Alimwambia Mama Eliza kwamba zamani alidhani madaktari wanasoma vitu visivyokuwepo, kumbe wanasoma ng'ombe. Kwa wiki kadhaa, kila jioni wanyama walipofika na yeye akasimama mbele ya birika na fimbo yake ya mpingo, alimpigia karani kelele aje aone hospitali. Karani alikuja, na shati lake jeupe, akasimama mbali na pembe. Mzee akawa anawasukuma ng'ombe nyuma kwa ubavu wa fimbo, si kwa kuwapiga, na kuwaambia taratibu, taratibu, dunia ina maji.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi, siku ya kazi, adhuhuri. Nilikuwa nimetoka kupeleka sampuli na nikapita nyumbani kula. Nilipoingia uani nilimkuta Mama Eliza amesimama na kikombe mkononi, na mzee amekaa kwenye kile kivuli chini ya ukuta wa tembe. Shati lake lilikuwa limelowa mpaka kiunoni. Rangi ya uso ilikuwa ya majivu. Mkono wa kulia ulikuwa umekandamiza kifua, na wa kushoto aliuacha chini kama si wake. Nilimwamkia na hakuitikia, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Mama Eliza aliniambia kwamba imeanza tangu ng'ombe walipotoka kwenda malishoni, kwamba anasema kifua kimekabwa na kamba, na kwamba amekataa gari, amekataa maji, amekataa hata kuitwa jirani.

Nilichuchumaa mbele yake nikamwambia baba, twende hospitali sasa hivi. Akatikisa kichwa pole pole. Alizungumza kwa vipande, akipumzika katikati, lakini hakuwa na wasiwasi hata kidogo, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alisema anajua ni nini. Ni ule ugonjwa wa binti wa Mvumi. Damu imekatika. Na mwenyewe alisema kwenye kipaza sauti, damu ikirudi haraka inaua. "Ng'ombe aliyetoka juani," akaniambia, "humpeleki majini anahema. Anapoa kwanza. Niache nipoe. Jioni utanipeleka."

 Kila neno alilosema lilikuwa limetoka kwetu, kwenye gari langu, kwenye kipaza sauti nilichokifunga kwa mikono yangu. Alikuwa ameuelewa mfano kuliko wale waliopiga makofi, ameuelewa mpaka mahali ambapo hatukufika nao. Mfugaji yeyote wa pale angeendelea hivyo hivyo: kivuli kwanza, kisha maji. Nilimpigia daktari, nikamweleza kwa maneno machache. Kisha akaniambia niweke simu karibu na sikio la mzee.

Alianza kwa Kigogo, salamu kamili, bila kuruka hata moja, na mzee akaitikia zote kwa sababu mtu haachi salamu hewani. Halafu akahamia Kiswahili, nadhani ili mimi na Mama Eliza tusikie sawasawa. "Baba, mimi ndiye niliyekosea kukueleza," alisema. "Nilikwambia habari ya fimbo, sikukwambia habari ya muda. Moyo haupoi kivulini. Kila unavyokaa hapo, ng'ombe wanakufa mmoja mmoja. Waliobaki nataka wanywe sasa hivi."

Mzee alifumba macho. Nilidhani tumemkosa. Kisha akauliza, na nakumbuka alivyouliza, kama mtu anayepanga kazi, "Na kwenye birika nani anasimama?"

"Mimi, baba. Fimbo ninayo mimi."

Akaninyooshea mkono nimwinue.

Njiani nilimweka Mama Eliza nyuma naye, kichwa cha mzee mapajani kwake. Barabara ya kuingia mjini ilikuwa imejaa malori ya kokoto ya ujenzi, na nilipiga honi kwa adabu, na adabu hiyo ikaniishia karibu na mizani ya malori. Nyuma hakukuwa na kilio. Mama Eliza alikuwa anamsimulia mambo ya kawaida, ndama wa jana, jirani aliyeazima jembe, akimlazimisha ajibu, na kila jibu lilipochelewa niliangalia kioo. Daktari alikuwa mlangoni na machela. Mkanda alikuwa nao mfukoni mwa koti. Daktari mwenzake, bwana mmoja mkubwa wa mwili aliyekuwa mkuu wa chumba cha kuzibulia mishipa, akamuuliza hapo hapo kama mgonjwa huyu anaingia kwenye utafiti. Yeye akasema hapana. Alisema hawezi kumwomba ridhaa mtu ambaye yeye mwenyewe alimpotosha kwa maneno yake. Yule bwana akamtazama, kisha akasema jambo ambalo hata leo namheshimu kwalo: kama si utafiti, basi hakuna anayezuiwa kumfunga mzee mkanda, mradi mgonjwa akubali na tusipoteze hata dakika. Mzee alikubali kwa kunyanyua mkono mwenyewe. Wakamfunga huku machela inakwenda.

Mimi sikupaswa kuwa pale, lakini hakuna aliyekumbuka kunifukuza. Nilisimama nyuma ya kioo na mafundi wa picha. Niliuona mshipa wake kwenye skrini, umekatika kama mti uliopigwa radi. Nikauona mpira ukipita, kibofu kikavimba na kulegea, na ile dawa nyeusi ikashuka mpaka chini kabisa. Mara ya kwanza nilipoona picha ile nilifurahi. Safari hii nilijua cha kuogopa. Na kweli, haukupita muda mrefu, mstari wa moyo ukaacha kupanda na kushuka, ukaanza kuchezacheza, ovyo, kama nyasi kwenye upepo. Moyo haukuwa unapiga tena, ulikuwa unatetemeka. Daktari Sechelela hakupaza sauti. Alisema neno moja, watu wakaachia kitanda, mwili wa mzee ukaruka kwa umeme, ukarudi. Mstari ukanyooka kidogo, mkavu.  Kisha pigo. Kisha jingine, kwa mbali. Kisha yakaanza kufuatana, na fundi wa picha aliyekuwa kando yangu, ambaye sikuwa namfahamu, akanishika mkono akaubana mpaka ukauma.

Aliishi. Lakini ule muda wa kivulini ulikuwa umechukua sehemu yake, na hakuna aliyeweza kuurudisha. Upande mmoja wa moyo ulibaki mzito, hauvuti sawasawa. Daktari alimweleza mwenyewe, wodini, mimi nikiwa nimebeba uji aliopika Mama Eliza. Hakumzungusha. Alimwambia kwamba angefika mapema moyo ungekuwa mzima zaidi, na kwamba hakufika mapema kwa sababu ya maneno yake yeye.   Mzee alisema kwamba mfano ulikuwa mzuri, ila ulikuwa mfupi, na kwamba jambo la kufanya ni kuurefusha. Kisha akaomba uji, akalalamika kwamba hauna chumvi, na akaambiwa chumvi imekwisha maishani mwake.

Aliurefusha mwenyewe. Alipopata nguvu ya kupanda gari, alianza kufuatana nasi Jumapili. Daktari akifika kwenye habari ya ng'ombe, mzee anasimama bila kukaribishwa, anavua kofia, na anawaambia watu kwamba yeye ndiye yule mpumbavu aliyekaa kivulini apoe. Anaonyesha alivyokaa. Anaonyesha mkono ulivyolegea. Wanacheka mpaka wanakohoa, naye anawaacha wacheke, halafu anasema, kwa sauti iliyokuwa inaisha haraka siku zile, kwamba kifua kikikabwa usikae, usingoje jioni, usingoje mwanao arudi kazini. Tulikwenda naye mpaka Mvumi, na mpaka Gulwe, ambako niliwaonyesha wote wawili lile korongo kavu na reli iliyonyooshwa upya. Kule kulikuwa na watu wanaonijua, wakanitania kwamba nimepata baba na mama kwa mkupuo.

Mwisho wa mwaka utafiti ulifungwa. Wagonjwa walikuwa wachache mno kuonyesha jambo lolote. Na siku moja stooni, tunakula, Daktari Sechelela akaniambia kwamba huko nje ya nchi wamepima mkanda ule kwa watu wengi sana na hawakuona tofauti yoyote kati ya waliofungwa na wasiofungwa. Nilikasirika kama nimetukanwa. Nilimuuliza, na Mzee Madeje je? Akasema Mzee Madeje ni mtu mmoja, huenda mkanda ulimsaidia, huenda angepona bila huo, na hakuna namna ya kumrudisha kivulini ili tujue. Alisema kurudi kwa damu bado kunaumiza moyo, hilo halijabadilika, ila namna ya kushika fimbo ndiyo haijapatikana. Akaosha hotpoti, akafungua kompyuta, akaanza upya. Mimi wiki iliyofuata niliaga. Nilijiambia kwamba nimeshaelewa kitu kile kinavyofanya kazi. Leo nadhani nilikimbia kwa sababu nilikutana na mtu anayeweza kukaa na swali ambalo halijibiki, na mimi sikuwahi kufundishwa kukaa.

Nilimwambia daktari hayo pale mkekani. Nywele zake zina mvi mbele sasa. Aliniambia kwamba mzee alikuwa anafika kliniki yake kila alipopangiwa, miaka yote hii, na kila mara alimuuliza swali lile lile: fimbo imepatikana? Naye kila mara alimjibu, bado baba, tunatafuta. Na mzee alikuwa anasema haya, tafuteni, mimi nipo. Mara ya mwisho ilikuwa kabla ya Pasaka. Alikufa mchana, amelala baada ya kula, na Mama Eliza alidhani amesinzia.

Wanaume walikuwa bado makaburini wakipanga mawe, na vijana walikuwa wanabeba viti, wakati kengele za ng'ombe ziliposikika nyuma ya vyumba. Mchungaji aliyewatoa alfajiri alikuwa amewarudisha mwenyewe na kukimbilia mazishini, akidhani yuko mtu wa kuwanywesha. Hapakuwa na mtu. Walikuja kwa kasi, vichwa chini, wamelinusa birika. Daktari Sechelela aliinuka kutoka mkekani kabla sijaelewa anakwenda wapi. Fimbo ya mpingo ilikuwa imeegemezwa ukutani kwenye kile kivuli, ambako Mama Eliza aliiweka asubuhi ile. Akaishika, akapita kati ya pembe na khanga zake za msiba, akasimama mbele ya maji. Akaniita nishike upande wa pili.

Wakasimama. Tukaachia wachache. Walikunywa, na koo zao zikawa zinapanda na kushuka, na alipoona inatosha akawasukuma nyuma kwa ubavu wa fimbo, bila kuwapiga. Jike mmoja mwekundu alinibana na bega lake la moto, anahema, macho yote kwenye maji, na ikabidi niweke mgongo. Mama Eliza alikuwa ametoka mlangoni anatutazama, mkono shavuni.  Daktari alihesabu kimya kimya, midomo ikicheza, kisha akainua fimbo.

"Haya," akaniambia, "waachie hao."